Transfa iliyokwisha kwenye njia ya Likasi: kisa cha lori la M35A2

Lori lenyewe ni M35A2 ya Kimarekani, ile ambayo jeshi liliipa jina la tani mbili na nusu. Ekseli zake tatu zote zinaweza kuvuta. Injini ni Continental ya silinda sita, lita 7.8, iliyoundwa kula dizeli, mafuta ya taa au hata mafuta ya ndege, na umeme wake ni wa volti 24. Nyuma ya injini kuna bwate ya vitesi vitano, yaani sanduku la gia, kisha kardani fupi, shafti ya kupeleka nguvu, kisha transfa ya aina ya T-136 ambayo imetundikwa peke yake kwenye chasi. Transfa ndiyo inayogawa nguvu: mkono mmoja unakwenda kwenye ekseli mbili za nyuma, mwingine kwenye ekseli ya mbele, na ndani yake kuna upande wa kasi, upande wa nguvu na nafasi ya katikati isiyovuta popote.

Siku hizi lori hili halibebi askari. Ni la mama mmoja mfanyabiashara wa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ambaye hununua mahindi vijijini upande wa Mitwaba, akayateremsha Likasi au akayaleta mjini. Anayeishi huku anajua uzito wa kazi hiyo. Zambia ikizuia mahindi yake yasivuke mpaka wa Kasumbalesa, bei ya mfuko wa unga inapanda Lubumbashi nzima, na kila gunia linalotoka ndani ya nchi linakuwa bukari, yaani ugali, wa nyumba fulani. Kwa hiyo lori lilipoletwa garajini likiwa linanguruma chini ya sakafu na kuruka gia, nililitazama kwa uzito huo.

Mama alikuja na uamuzi tayari. Fundi mwingine alikuwa amemwambia kwamba transfa imekwisha, na alikuwa amesikia kuna nyingine imelala kwenye uwanja wa vyuma chakavu. "Ubadilishe tu, papa, gari irudie kazi." Dereva alikuwa amesimama pembeni, mtu mzima asiyesema sana, nikamwuliza yeye: mlio unatokea wapi? Akajibu: "Papa, mulio inatoka paka kwa lami. Kwa udongo inanyamaza." Yaani unatoka kwenye lami peke yake.

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko mlio wenyewe. Beringi iliyokwisha hailali ikifika kwenye udongo. Italia kwenye lami, italia kwenye matope, italia popote shafti inapozunguka. Mlio unaokuja kwenye njia ngumu na kupungua kwenye njia laini unasema kitu kingine: ndani ya mfumo kuna magurudumu yanayoshindana, na udongo unayapa nafasi ya kuteleza kidogo huku lami ikiyanyima. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita kama 120 za lami. Lori linalobeba mahindi linazipita zote likiwa limejaa.

Hapa lazima nieleze transfa za M35A2, maana ziko mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza, T-136-21, haina kitufe wala mkono wa kuunganisha ekseli ya mbele. Ndani ya tokeo la mbele kuna klachi ya upande mmoja: pete mbili, na katikati yake vipande vidogo vya chuma vinavyosimama kama kabari pete moja ikitaka kuikimbia nyingine. Kiwandani waliipanga shafti ya mbele izungushwe polepole kidogo kuliko magurudumu ya mbele yanavyozunguka yenyewe. Njia ikiwa nzuri, magurudumu ya mbele yanatangulia, vikabari vinalala, na ekseli ya mbele inafuata tu bila kuvuta. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza kwenye matope, yanazunguka haraka kuliko ya mbele, vikabari vinasimama, na mbele inaanza kuvuta bila dereva kufanya lolote. Kwa kurudi nyuma kuna seti yake, na fimbo kutoka kwenye bwate ya vitesi ndiyo inayohamisha kazi kutoka seti moja kwenda nyingine.

Ya pili, T-136-27, ekseli ya mbele inaunganishwa kwa upepo. Dereva anafungua vali, hewa inasukuma, mbele inashikana. Akifunga vali, mbele inaachia.

Lori letu lilikuwa na ya kwanza. Na ukishaelewa ile tofauti ndogo ya mwendo waliyoiacha kiwandani, unaona mara moja kwamba uhai wa transfa hiyo umo mikononi mwa anayenunua tairi. Tairi za nyuma zikiwa ndogo kuliko za mbele, nyuma inazunguka haraka hata pasipo matope. Ule mwanya unaliwa. Vikabari vinasimama kwenye lami kavu na kubaki vimesimama, ekseli ya mbele inavuta safari nzima, na nguvu inayotaka kutoka haina pa kutokea isipokuwa kupitia meno na beringi za transfa.

Kabla ya kushika spana nilitaka kuona tairi. Kwa miaka mingi lori hili lilitembea kwa tairi za 9.00-20, ndizo saizi yake. Mbele nilikuta mbili za 10.00-20, karibu mpya, nyuma zote nane ni 9.00-20, nyingine zimebaki vipara. Dereva alieleza kwamba mbele ziliwahi kupasuka safarini na 10.00-20 ndizo zilizopatikana Likasi siku ile. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Mtu aliyekwama na gunia za mahindi barabarani hununua tairi iliyopo.

Macho hayatoshi, kwa hiyo tulipima. Unalisimamisha lori na mzigo wake kwenye sakafu iliyonyooka, unachora chaki kwenye tairi na chini pale inapogusa, unalisogeza polepole hadi tairi izunguke mara kumi, kisha unapima umbali kwa utepe. Mbele, mizunguko kumi ilifika karibu mita 32. Nyuma, kumi hiyohiyo iliishia mita 30 na nusu. Tofauti ya mita moja na nusu katika kila mizunguko kumi ndiyo iliyokuwa ikisaga transfa kutoka Likasi hadi hapa. Nilimwita mama, nikamwonyesha alama mbili za chaki chini, na kwa mara ya kwanza mazungumzo yetu yakatoka kwenye transfa yakaenda kwenye tairi.

Ilibidi pia kuhakikisha kwamba kinacholia ni transfa kweli, si bwate ya vitesi. M35A2 inarahisisha jambo hilo. Lori likiwa limesimama na magurudumu yamezuiwa, mkono wa transfa unawekwa katikati, injini inawashwa, na bwate inatiwa gia moja baada ya nyingine. Bwate, kardani fupi na shafti ya kuingilia vinazunguka, lakini hakuna kinachotoka kwenda kwenye magurudumu. Kukawa kimya cha kuridhisha. Tukazima, tukashika kwa mikono kiungo cha tokeo la mbele na kukitikisa: kilicheza juu na chini kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Tukafungua kardani ya mbele na kuzungusha kiungo kwa mkono. Kuelekea mbele kilizunguka bila kizuizi, kama kinavyopaswa. Kuelekea nyuma kingepaswa kukwama papo hapo, lakini kilikwaruza, kikateleza, kikakamata, kikateleza tena. Vikabari vilikuwa vimelika. Mafuta tuliyoyamwaga yalikuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, ishara ya maji, na sumaku ya kunasia chembe za chuma ilitoka na vipande vinavyochoma kidole.

Maji yaliingiaje? Juu ya transfa kuna kipumulio kidogo. Transfa ikipata moto hewa ya ndani inapanuka na kutokea hapo. Cha lori hili kilikuwa kimezibwa na udongo mwekundu uliokauka. Kipumulio kikizibwa, hewa ya moto inayasukuma mafuta kupitia sili, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, na lori likiingia mtoni likiwa na joto, transfa inapoa ghafla na kuvuta maji kwa njia zilezile. Mafuta yanapungua, maji yanaongezeka, na dereva haoni kitu mpaka meno yalie.

Sasa niseme kuhusu kuitoa, na hapa nawaomba vijana wanaojifunza kazi wasome polepole. Kwenye lori hili breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Dramu yake imefungwa kwenye tokeo la nyuma la transfa na inashika kardani. Siku unapofungua bolti za kardani ya nyuma, breki ya mkono inabaki kushika transfa peke yake, na lori zima halina kinacholizuia. Mkono umevutwa hadi mwisho, dereva anaapa kwamba breki imeshika, na wewe umelala chini. Garaji nyingi za hapa zina sakafu ya udongo yenye mteremko kuelekea barabarani ili maji ya mvua yatoke, na mteremko huohuo unatosha kulisogeza lori la tani sita. Tulizuia magurudumu ya ekseli zote tatu kwa vipande vya mataruma, mbele na nyuma, na chasi ikakalia magogo kabla ya mtu kuingia chini. Kriki (jeki) haikuachiwa kazi ya kushikilia kitu ambacho chini yake kuna binadamu.

Tulipiga alama kwenye kardani zote kabla ya kuzitenganisha, ili kila moja irudi na meno yake palepale ilipokuwa. Kardani ikigeuzwa jino moja tu, uma za ncha zake mbili haziko tena sambamba na mtetemo utakaotokea utamfanya mtu afikiri transfa mpya nayo ni mbovu. Tukafungua nyaya za breki ya mkono, fimbo za mikono, ile fimbo inayotoka kwenye bwate, kisha mabano. Transfa hii ni chuma cha kumimina na uzito wake unapita kilo mia. Watu wawili wenye nguvu hawapaswi kuijaribu kwa mikono. Tuliishikilia kwa palani ya mnyororo, ya kuinulia vitu vizito, kupitia sakafu ya nyuma iliyofunguliwa, chini kukawa na kriki yenye kitanda cha mbao, ikashuka kidogo kidogo hadi kwenye gari la kusukuma.

Ilipofunguliwa ilionyesha yote. Njia za beringi za tokeo la mbele zilikuwa na vishimo. Vikabari vilikuwa vimepoteza ncha zake na pete yao ina mikwaruzo mirefu. Meno ya kuunganishia upande wa kasi yalikuwa yameviringika pembeni, ndiyo sababu gia ilikuwa ikiruka ikibanwa na mzigo. Bila kujua habari ya tairi, mtu angesema ni uzee tu. Lakini uharibifu ulikaa mahali pale pale ambapo nguvu ya kushindana ilikuwa inapita, na meno ya upande wa nguvu, yanayotumika kwenye vilima na matope, yalikuwa bado mazuri.

Ile transfa ya kwenye uwanja wa vyuma ilikuwa T-136-27, ya upepo. Mama alitaka tuifunge siku hiyohiyo ilipofika. Nilikataa, na ningekataa tena. Kitu kilicholala mvuani na matundu wazi hakifungwi kwenye lori kabla hakijafunguliwa mezani. Ndani, meno yalikuwa safi, yana rangi yake ya asili, ila beringi mbili zilikuwa na kutu upande uliolala chini, kwenye mstari ambapo maji yalikuwa yamesimama. Ingetembea hadi Likasi kimya, na kurudi ikilia.

Kupata beringi hakukuwa kugumu kama mama alivyohofia. Beringi ina namba iliyochongwa kwenye pete yake, na namba hiyo haijali lori ni la jeshi la nani. Ukiisafisha na kuisoma, duka linalouza beringi za mashine za migodi linaweza kuwa nayo, na Lubumbashi ni mji wa migodi. Sili vilevile: pima unene wa shafti, upana wa tundu na kina, uende na vipimo vitatu badala ya kwenda na jina la lori. Gasketi tulizikata wenyewe kwenye karatasi ya gasketi. Upande wenye beringi za koni tulirudisha vibati vyembamba vya kurekebishia mwanya, tukijaribu hadi shafti ikazunguka kwa mkono bila kucheza na bila kubana.

Kufunga ya upepo mahali pa ile ya vikabari kulileta maswali mawili. La kwanza ni hewa. Lori lina kompresa na mitungi kwa sababu breki zake za mafuta zinasaidiwa na hewa, na hata waipa za kioo zinasukumwa na hewa. Njia rahisi ilikuwa kuchomoa mpira kutoka kwenye mstari wa breki. Sikukubali. Mpira wa transfa unakaa chini, unapigwa na mawe na vijiti; ukikatika, lori lenye mzigo litapoteza msaada wa breki kwenye mteremko. Tulichukua hewa kwenye tawi la vifaa vidogo, pamoja na honi na waipa, tukapitisha mpira ndani ya chasi, na kila kiungo tukakipaka maji ya sabuni kutafuta povu. Ile fimbo ya zamani kutoka kwenye bwate tuliiondoa kabisa. Kuifunga kwa waya ili ining'inie ni kuiandaa ikakamate kardani.

Swali la pili ni dereva, na kwangu ndilo lililokuwa zito. Transfa ya zamani ilikuwa ikimwamulia. Hii mpya inamtii. Akiunganisha mbele matopeni na kusahau kuachia akifika lami, ataiua kwa njia ileile, tena haraka zaidi kwa sababu hapa hakuna mwanya wowote wa kutangulia. Mama aliposikia hivyo aliuliza kama si afadhali kutafuta ile ya kujiendesha. Nikamwambia: mama, ile inategemea tairi ziwe sahihi siku zote, na kwenye njia zako tairi hununuliwa pale zinapopasukia. Hii inategemea mtu mmoja anayekaa mbele ya vali. Mtu unaweza kumfundisha. Vali tuliiweka kwenye dashibodi mahali ambapo goti haliwezi kuigusa, na tukafunga taa nyekundu inayowaka mbele ikiwa imeshika. Dereva alijifunza pia kwamba akifunga vali na usukani ukabaki mzito, maana yake meno bado yamebanana. Arudi nyuma mita chache, yataachiana.

Kabla ya kukaza kardani ya mbele tulipima urefu wake kwenye transfa mpya, springi zikiwa zimelala na zikiwa zimenyooka, kuhakikisha sehemu inayoteleza haifiki mwisho wowote. Kipumulio tulikiinua kwa mpira hadi juu ya kiwango cha maji ya mito ya njia ile. Mafuta ya gia ya 80W-90 yalitiwa hadi yalipoanza kumwagika kwenye tundu la kipimo.

Zikabaki tairi, ambapo mimi na mama hatukuelewana haraka. Tairi nane mpya za nyuma zingemgharimu kuliko transfa yote na kazi yake. Yeye aliona kwamba kwa kuwa mbele sasa inaachia, habari ya saizi imekwisha. Kwa lami ni kweli kwa upande wa mbele. Lakini M35A2 haina difu, kifaa cha kuruhusu mwendo utofautiane, kati ya ekseli mbili za nyuma: zimeunganishwa moja kwa moja, shafti ikipita kwenye ya kwanza kwenda ya mwisho. Tairi za ekseli ya kati zikitofautiana na za mwisho, vita vinahamia huko, na hakuna vali ya kuviachia. Na tairi pacha zisipolingana, kubwa inabeba mzigo wote hadi ipasuke. Tulipima zote kwa utepe, tukazipanga upya pacha kwa pacha, ekseli kwa ekseli, zilizolingana pamoja. Zile 10.00-20 ziliondoka mbele zikauzwa, na fedha yake ikanunua 9.00-20.

Kuhusu mzigo nilisema pia, kwa sababu lori hili liliundwa kubeba tani mbili na nusu nje ya barabara na tani tano kwenye barabara nzuri, na gunia za mahindi hupandishwa hadi kamba zikatae. Mama alisikiliza na hakuahidi.

Jaribio la kwanza lilikuwa tupu, kwenye udongo, mbele ikishika na kuachia mara kadhaa, kisha kwenye lami, ekseli ya mbele ikiwa imeachiwa. Tulisimama kila baada ya muda kuweka kiganja juu ya transfa karibu na kila beringi. Joto lilikuwa sawa pande zote na mtu aliweza kuacha mkono hapo. Bolti za kardani zilikazwa tena siku hiyo. Lori lilipotoka Mitwaba na mzigo wake wa kwanza tulimwaga mafuta hata kabla hayajachakaa: sumaku ilikuwa na vumbi laini la kijivu, hapakuwa na kipande cha kushikika, wala alama ya maji. Ya zamani tumeihifadhi kwa ajili ya meno yake ya upande wa nguvu. Pacha mbili za ekseli ya mwisho bado ni vipara, na mama amesema atazibadilisha akishauza mahindi yaliyoko Likasi.